Mama mwenye nyumba anasema kunguni nimekuja nao mimi

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Mume wangu ni dereva wa lori, safari zake ni Tunduma na kuvuka kwenda Zambia, kwa hiyo siku nyingi za mwezi niko peke yangu na watoto. Tumepanga Temeke, chumba na sebule, kwenye nyumba yenye wapangaji wanne. Choo na bomba viko uwani, tunatumia wote. Mama mwenye nyumba anaishi humo humo, vyumba vya mbele. Kodi ni shilingi 100,000 kwa mwezi na tulilipa miezi sita kwa mkupuo, ukiacha ile ya dalali.

Tulipohamia, chumba kilikuwa kimetoka kupakwa rangi, kinanukia upya, nikamshukuru Mungu. Wiki hiyo hiyo ya kwanza mtoto mdogo akaanza kuamka usiku analia na kujikuna. Nikadhani ni mbu, nikafunga neti. Asubuhi nikimwangalia, shingoni na mikononi ana vipele vimejipanga mstari. Usiku mmoja nikawasha tochi ya simu nikainua godoro. Kwenye chaga, pale mbao zinapokutana, walikuwa wamejazana: wakubwa wekundu walioshiba, vitoto vyeupe kama chenga za mchele, na vidoa vyeusi kama mtu amechovya kalamu ya wino. Nikamulika fremu ya mlango, nako wamo.

Nilinunua dawa kwa kijana anayepita na spika akitangaza dawa ya kunguni, mende, panya na viroboto. Nikapulizia. Wakapungua, wakarudi. Nguo nimechemsha, godoro naanika kila nikipata jua. Majirani wakaanza kuniangalia.

Nikaenda kwa mama mwenye nyumba, nikamwambia kwa adabu. Akanijibu kwamba miaka yote aliyokaa kwenye nyumba ile hajawahi kuona kunguni, na kwamba nimekuja nao kwenye kochi langu. Kesho yake akalirudia neno hilo uwani, watu wakiwa kwenye foleni ya maji. Tangu siku hiyo mpangaji mmoja amewakataza wanawe wasiingie kwetu. Mwanangu mkubwa yuko darasa la tatu. Ameniuliza kwa nini wanamwita mtoto wa kunguni. Sikuwa na jibu.

Baadaye dada wa chumba cha mwisho akaninong'oneza kwamba mpangaji aliyekuwa chumbani kwangu alihama kwa sababu ya kunguni hao hao, na ile rangi ilipakwa ili kuficha. Sijui niamini. Dada huyo na mama hawaelewani, wana ugomvi wao wa pesa za luku.

Mume wangu anasema kwenye simu tudai kodi ya miezi mitatu iliyobaki tuhame, na tukinyimwa tukae bila kulipa tena hata senti. Ila yeye hakuwepo usiku ule mtoto alipopata degedege. Mama huyu ndiye aliyemfunga mgongoni kwake, tukapanda bajaji mpaka hospitali, na dawa akalipa yeye. Ile pesa mpaka leo amekataa nimrudishie. Namuonea aibu kumburuza kwa mjumbe.

Mkataba wetu ni karatasi moja. Unasema mpangaji atatunza usafi wa chumba na hatafanya fujo, basi. Fundi wa kupuliza dawa ameniambia nyumba nzima ni 240,000, chumba changu peke yake 60,000, lakini akasema kupuliza chumba kimoja ni kutupa hela. Naomba unisaidie, kwani hata usingizi umenikimbia. Jukumu la kuua wadudu hawa ni la nani? Nikihama, si watasema nimekimbia aibu yangu? Nikibaki, watoto wataendelea kuliwa mpaka lini?

Mama wa wawili, Temeke

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Nimeisoma barua yako mpaka mwisho, kisha nikarudi pale mwanao alipokuuliza lile swali. Nadhani hapo ndipo panapokuuma zaidi, kuliko hata kuumwa na wadudu wenyewe. Naomba tuanzie hapo.

Mwambie mtoto wako, na ujiambie na wewe, kwamba kunguni hawafuati uchafu. Wanafuata damu na joto la mtu aliyelala. Mwaka 2023 Paris nzima ilikuwa inahangaika nao, kwenye treni na kumbi za sinema, mpaka mawaziri wa Ufaransa wakakaa vikao kwa ajili yao. Wanaingia kwenye nyumba za watu wenye mashine za kufulia na wanaingia kwenye hoteli. Mwanamke anayechemsha nguo na kuanika godoro kila akipata jua hana cha kuonea haya. Jambo lingine la kukupunguzia hofu: wanakera, wanawasha na wanakosesha usingizi, lakini haijathibitika kwamba wanaambukiza watu magonjwa kama mbu anavyoambukiza malaria.

Sasa tuliangalie tatizo lako. Ninavyolisoma, umefunga mambo matatu kwenye fundo moja: nani kaleta kunguni, nani alipe dawa, na je, uhame. Mama mwenye nyumba anataka la kwanza lijibiwe ndipo la pili lifuate. Mumeo amerukia la tatu. Wewe uko katikati, na deni la wema limekukaba koo.

Hilo la nani kaleta sidhani kama mtalimaliza ninyi kwa ninyi. Mpangaji mgeni ndiye kuku mgeni, hakosi kamba mguuni, kwa hiyo lawama ilikuja kwako kabla ya ushahidi wowote. Ila yapo ya kupima. Yai la kunguni huanguliwa baada ya wiki moja hivi. Kitoto hupitia hatua tano za kukua na kila hatua lazima kinywe damu, hivyo hata kwa joto la Dar es Salaam kinahitaji kama mwezi au zaidi kuwa mkubwa wa kutaga. Wewe umesema mtoto alianza kuliwa wiki ya kwanza. Kama wakati ule walikuwa wengi na wa kila umri, na kama wako kwenye fremu ya mlango na nyufa za ukuta zaidi ya walivyo kwenye kochi, hiyo inaonyesha makazi ya muda mrefu. Chukua kijiti, kwangua kidogo rangi karibu na fremu. Ukikuta vidoa vyeusi chini ya rangi mpya, piga picha. Halafu limulike kochi vile vile, mishono na sehemu ya chini, kwa macho ya haki. Kama wamejaa humo, utakuwa umejua jambo ambalo ni bora ulijue wewe kwanza.

Lakini hata ukipata picha hizo, nakuomba uzishike kwa mkono mwepesi. Maneno ya dada wa chumba cha mwisho yanaweza kuwa kweli tupu, na yanaweza kuwa yamechanganyika na luku. Na rangi mpya kila mwenye nyumba hupaka akipata mpangaji mpya. Inawezekana mama alijua akaficha. Inawezekana pia yule aliyehama hakumwambia chochote kwa aibu ile ile inayokutesa wewe, naye mama akabaki anaamini nyumba yake ni safi. Je, umewahi kumuuliza, mkiwa wawili tu, yule mpangaji aliondoka kwa nini? Kwenye barua yako sikuliona swali hilo.

Nije kwenye la jukumu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 88, inaweka ahadi ndani ya kila upangaji hata kama karatasi yenu haikuzitaja. Mojawapo ni kwamba nyumba au chumba cha kuishi kiwe kinafaa binadamu kukaa siku mnapoanza, na kiendelee kufaa muda wote wa upangaji. Hiyo ni ahadi ya mwenye nyumba. Kunguni hawakutajwa kwa jina, na anaweza kutokea mtu akabisha kama chumba chenye kunguni kinafaa au hakifai. Wafaransa waliona wamalize ubishi huo: tangu mwaka 2018 sheria yao inataka nyumba ya kupangisha iwe haina wadudu waharibifu. Kwetu itabidi uelezee hali ilivyo: watoto hawalali, wana vipele mwilini, na wadudu wamo ndani ya fremu na kuta za nyumba ambazo wewe huna mamlaka ya kuzibomoa wala kuziziba.

Na mpangaji ana lake. Karatasi yenu inasema usafi wa chumba, na hapo mama atakushika. Kuandaa chumba kabla ya kupuliza, kuchemsha nguo na shuka, kutoingiza vitanda vya kuokota na kutoa taarifa mapema, yote hayo ni ya kwako. Ninavyoelewa mimi, nyufa, milango, dari na korido mnayopita wote ni vya mwenye nyumba, na vitu vyako ni vyako. Kunguni kwa bahati mbaya hawajui mpaka huo. Usiku yuko kwako, kesho amepenya tundu la waya wa umeme yuko kwa jirani. Kwa hiyo fundi wako amesema kweli. Ukilipa 60,000 yako peke yako, wiki mbili utalala, kisha watarudi kutoka chumba cha pili, na ndipo mama atasema "unaona, ni wako."

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu dawa inanitia wasiwasi kuliko ugomvi. Ile ya kijana wa spika mara nyingi iko kwenye chupa isiyo na maelezo, na hujui unampulizia mtoto nini. Dawa halali huwa na lebo yenye namba ya usajili, na mamlaka inayosimamia viuatilifu nchini ni TPHPA. Muulize fundi kibali chake na jina la dawa, na akikwepa mwache aende. Usimwage mafuta ya taa kitandani, nyumba itakuungulia. Na kama kuna mtu atakushauri vidonge vya kuhifadhia mahindi, mkatalie hata kama ni ndugu yako. Vile vidonge vikipata unyevu vinatoa gesi inayoua, inapenya ukutani mpaka chumba cha jirani, na hakuna dawa ya kuibatilisha ikishaingia mwilini. Kuna familia zimelala zisiamke.

Dawa nyingi haziui mayai. Ndiyo maana ulipopuliza walipungua kisha wakarudi. Panga na fundi apulize tena baada ya kama wiki mbili, mayai yakishaanguliwa na kabla vitoto havijakomaa, na bei hiyo ya pili muipatane tangu mwanzo. Ulizia kama ile 240,000 ni ya mara moja au mara zote. Chaga zitoe nje uzimwagie maji yanayochemka kwenye maungio. Jua la kuanika godoro linasaidia juu juu, ila joto halifiki ndani vya kutosha, kwa hiyo usijione umeshindwa. Watoto wasirudi chumbani mpaka dawa imekauka na madirisha yamekaa wazi saa alizosema fundi.

Sasa njia zilizo mbele yako. Ya kwanza ni kurudi kwa mama, na hii mimi naipa uzito, ingawa uamuzi ni wako. Mara ya kwanza ulienda na malalamiko, naye akasikia tuhuma juu ya nyumba yake, labda ndiyo mali pekee aliyonayo. Unaweza kwenda saa ya utulivu, baada ya chakula, na kunguni wachache ndani ya chupa yenye kifuniko. Umwambie: "Mama, mimi sijaja kubishana nani kaleta. Usiku ule ulimbeba mwanangu kama mjukuu wako, sijasahau na sitasahau. Leo mjukuu huyo halali. Naomba tusaidiane tupulize nyumba yote." Halafu nyamaza umsikilize. Anaweza kukuambia hana pesa. Kodi yako ya miezi sita huenda ilishaezeka bati au kulipa ada ya shule. Hapo mnaweza kuzungumza yeye atoe kiasi gani, wapangaji wachangie nini, au wewe utangulize pesa na ikatwe kwenye kodi ijayo.

Hilo la kukata kodi lina hatari yake. Likibaki mdomoni, miezi mitatu ijayo litakuwa "sikukubaliana na wewe". Andikeni mistari miwili, tarehe na kiasi, mtie saini wote, shahidi awe mmoja wa wapangaji. Wala usione kuandikishana ni kumvunjia heshima. Inamlinda na yeye.

Hatari nyingine ya njia hii ni wapangaji wenzako. Chumba kimoja kikikataa dawa, pesa yote imeenda bure. Na mtu aliyekataza wanawe wasije kwako hatakubali kirahisi kwamba chumba chake nacho kikaguliwe. Hapo mama mwenye nyumba ndiye mwenye sauti. Akiita kikao yeye, watakuja. Ukiita wewe, watacheka. Kwa hiyo unamhitaji upande wako hata kama umekasirika naye, na una haki ya kukasirika. Neno la uwani lilikuwa la kukudhalilisha. Unaweza kumwambia hilo pia, siku nyingine au mwisho wa maongezi: "Mama, lile neno la kwenye foleni ya maji liliniumiza, na mtoto anaitwa jina baya." Mtu aliyembeba mwanao usiku anaweza kulisikia hilo.

Njia ya mumeo ya kuhama na kudai kodi siidharau. Anawaona watoto wake wanaliwa naye yuko barabarani, hana la kufanya isipokuwa kukasirika. Lakini mwombe mfikirie pamoja mambo mawili. Mkihama bila kusafisha vitu, mnahama na kunguni ndani ya kochi na begi, na kwenye nyumba mpya mtakuwa wageni kwa mara ya pili, safari hii wadudu kweli wametoka kwenu. Na kodi iliyolipwa atairudisha nani, na lini? Mnaweza kuidai, lakini inaweza kuchukua muda, na wakati huo mnatafuta miezi sita mingine na dalali mwingine. Kukaa bila kulipa nako kunampa mama sababu ya kuwapa notisi huku ninyi mkionekana wakosaji. Kama mtachagua kuhama, chemsheni, pulizieni, fungeni kila kitu kwenye mifuko, ndipo mpakie.

Ipo njia ya kwenda mbele. Unasema unaona aibu kumburuza kwa mjumbe. Je, lazima iwe kumburuza? Mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa anaweza kuitwa nyumbani kama mtu mzima wa kusikiliza pande mbili, akanywa chai, akaondoka. Afisa afya wa kata naye anaweza kuja kukagua nyumba, na kauli yake ina faida moja kubwa: haitoki kwako. Ikishindikana kabisa lipo Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukifika huko utahitaji picha, risiti za dawa na ya kodi, na ule mkataba wenu. Vitunze kuanzia leo, hata kama hutavitumia kamwe. Gharama ya njia hii unaijua mwenyewe: mnaishi mlango kwa mlango, na mahusiano yakivunjika mbele za watu hayaungwi upesi.

Na deni la wema? Nimelifikiria sana. Ulilipokea kwa moyo, ni vizuri. Lakini nijiulize pamoja nawe: mama alipokataa pesa ya dawa, alikuwa anakununulia ukimya? Sidhani. Alimpenda mtoto. Basi kumtetea mtoto huyo huyo mbele yake sioni kama ni kumlipa ubaya. Wewe unaonaje? Ungekuwa wewe ndiye mwenye nyumba, ungetaka mpangaji akuambie, au avumilie kwa kuwa uliwahi kumsaidia?

Kabla ya yote ongea na mumeo, na umpe muda wa kusikiliza, siyo simu ya haraka akiwa kwenye foleni ya mpakani. Mueleze usiku ule wa degedege kama ulivyonieleza mimi. Anaamua juu ya mama ambaye yeye anamjua kwa kodi tu.

Na huyo mdogo, mkate kucha ziwe fupi, vipele vioshe kwa maji na sabuni. Ukiona kimoja kinatoa usaha au kinavimba na kuwa na joto, mpeleke kituo cha afya, usisubiri kunguni waishe.